Matairi ya Kumchukulia Yaya Regina

Nilitoka Likasi kwenda Lubumbashi kwa sababu moja: dada yangu mkubwa alikataa kupanda gari langu. Kwetu dada mkubwa huitwa yaya, na huyu ni Yaya Regina, pekee niliyebaki naye kati ya sisi watoto sita wa mama mmoja. Aliteleza akavunjika nyonga, akapasuliwa, na daktari akasema anaweza kusafiri ilimradi asitikiswe. Nikampigia simu kumwambia nitakwenda kumchukua aje tuishi pamoja, maana nyumba yangu ina vyumba vinne na ndani tuko mimi na paka. Akanijibu kwamba gari langu linanguruma kama kinu cha kusaga mahindi, na yeye si gunia la mahindi.

Hakusema uongo. Gari ni dogo, la Kijapani, la kubebea familia kwenda misa. Lakini marehemu mume wangu, Alfonsi, alilivalisha matairi yenye meno makubwa kwa ajili ya njia mbovu ya kwenda shambani. Shamba niliuza baada ya msiba. Meno yakabaki, yakitafuna lami bila kazi.

Saa kumi na mbili asubuhi nilifunga mlango, nikamwachia jirani chakula cha paka, nikaondoka. Malori ya madini yalikuwa yameshaanza safari zao, na kando ya barabara magunia ya makala, yaani makaa ya kupikia, yalikuwa yamepangwa yakingoja wanunuzi. Niliendesha taratibu, mwenda pole hajikwai. Kelele za matairi zilipanda kutoka sakafuni mpaka kwenye meno yangu mwenyewe. Zamani sikuzisikia, kwa sababu Alfonsi alikuwa akibishana na redio kwa sauti kubwa kuliko gari. Tangu aondoke, redio siwashi. Nikiri tu hapa kwamba kelele ile nilikuwa nimeizoea, na kuna siku niliipenda, kwa kuwa ilijaza gari.

Kabla ya saa nne nilifika Lubumbashi na kuingia Kampemba, ambako Yaya anakaa kwa mwanawe Pasikali. Nilimkuta barazani, mguu juu ya kigoda, gongo ukutani, anachambua lengalenga. Kabla sijamaliza kumsalimu alipita mama mmoja wa kwaya kumuuliza habari ya usiku. Akaja mwingine kuazima chungu. Wajukuu wakagombania nani atamletea maji. Jirani akasimama uani kumwomba aamue ugomvi wa mwanawe na mkwe, na Yaya akauamua papo hapo, mikono yake ikiwa bado kwenye mboga. Nilimhurumia. Nilijiambia, tazama mgonjwa anavyosumbuliwa, hapewi hata nafasi ya kupumzika. Nikazidi kuharakisha shughuli ya matairi.

Adhuhuri nilikuwa kwenye barabara wanakouza matairi, si mbali na soko. Mwuzaji wa kwanza aliniuliza mume wangu yuko wapi. Nilipomwambia amekufa, akanionyesha matairi yaliyotumika Ulaya, yale tunayoita okazio, yamepakwa dawa nyeusi mpaka yanang'aa kama viatu vya arusi. Watu wetu wanaamini okazio ya Ulaya ni imara kuliko tairi jipya la kutoka kwingine kokote. Mimi pia niliamini hivyo, na nilikuwa nimeshafungua mkoba.

Aliyeniokoa nisiuziwe mbuzi ndani ya gunia ni mzee wa duka la pili, Papa Kalala, mtu wa asili ya Kasai, mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi. Aliona nakaribia kulipa kwa jirani yake, akaniita kwa adabu. Akanifundisha kama mwanafunzi, mimi niliyefundisha watoto miaka thelathini. Alinionyesha tarakimu nne ubavuni mwa tairi, mbili za wiki na mbili za mwaka lilipotengenezwa. Akanipa la zamani nilibonyeze kwa ukucha; ukucha uligoma. Akanipa jipya, ukucha ulizama kidogo. Mpira ukizeeka unakuwa mgumu, akasema, na mgumu ndio unaopiga kelele hata kama mistari yake bado ina kina. Kisha akanipitisha kiganja juu ya okazio, kwenda na kurudi. Kwenda kulikuwa laini, kurudi kukakwaruza kama msumeno. Hilo nalo litaimba barabarani, akasema.

Akaniuliza gari ni la kazi gani. Sijui kwa nini sikumweleza. Labda ni kiburi cha ualimu, labda nilichoka kuhurumiwa na wauza matairi. Nilimjibu kwamba ni la kutembea tu, njia ya Likasi. Akanichagulia manne mapya ya aina moja, yenye mistari myembamba iliyokaribiana na mbavu zinazokubali kubonyea kidogo. Tukabishana bei kiungwana. Akayafunga, akayasawazisha ili yasitetemeke yakizunguka, akayajaza upepo. Nilipotoka pale nilisikia sauti za watembea kwa miguu wakiongea. Ndani ya gari langu! Nilicheka peke yangu mpaka polisi wa njia panda akanitazama.

Saa tisa alasiri nilimpakia Yaya kiti cha mbele, mto mmoja mgongoni na mmoja chini ya nyonga, twende mpaka upande wa Kasapa na kurudi, ili ajionee. Mita mia za kwanza zilikuwa za amani. Akasema, "Ee, inanyamaza kabisa." Kisha tukakanyaga shimo dogo tu, shimo la kila siku, na gari likaruka kama mbuzi. Yaya alishika mlango kwa mikono yote miwili. Shimo la pili akafumba macho, na nikaona jasho limemtoka juu ya mdomo. Akaniomba nimrudishe nyumbani. Njia nzima ya kurudi nilikuwa nikilia huku naendesha, kwa hofu kwamba nimemvunja tena.

Nilipomlaza na kuhakikisha maumivu yanapungua, nilirudi kwa Papa Kalala nikiwa nimepandwa na hasira. Nilimwambia mbele ya wateja wake kwamba ameniuzia mawe. Alichuchumaa akapima upepo wa tairi la mbele, akainuka.

"Mama, mulisema njia ya Likasi. Bantu bote ba ile njia banarudia na makala mu motoka. Njo maana nilijaza upepo nguvu, sawa ya kubeba makala."

"Miye sibebe makala, Papa. Nabeba yaya yangu. Alivunjika nyonga."

Alivua miwani. Akaniomba radhi, na alipoomba radhi hasira yangu ikakosa pa kukaa, kwa sababu kosa lilikuwa letu wawili. Mjini pale hakuna mtu anayetoka njia ile na buti tupu, hata mapadri wanarudi na gunia moja. Naye aliniuliza gari ni la kazi gani, mimi nikamficha. Akatoa upepo kidogo kidogo, akipima kila mara, mpaka ukafikia kiasi kilichoandikwa kwenye kibandiko mlangoni mwa gari, ambacho sijawahi kukisoma tangu tulinunue. Akakataa nimlipe. Aliniambia nimsalimie yaya.

Kesho yake, saa tatu asubuhi, ilinibidi nimbembeleze Yaya kama mtoto. Alikubali kwa sharti kwamba akisema basi, ni basi. Tukashika njia ileile. Kwenye shimo la kwanza nilikaza mikono kwenye usukani. Gari likainama kidogo, likainuka, likaendelea. Tulipofika karibu na chuo kikuu cha Kasapa nikasikia sauti nisiyoielewa. Nilidhani ni tairi, nikapunguza mwendo. Alikuwa Yaya, anakoroma. Sijafurahi hivyo tangu kabla ya msiba. Nilisimama kivulini, nikamwacha alale, nikahesabu vitu vya kufanya nyumbani: kitanda chake nitakiweka chumba cha mashariki, nitamtoa kijana aliyepanga banda la nyuma ili tupate pa kufugia kuku, Jumapili tutakwenda misa ya kwanza.

Alipoamka nilimuuliza tutaondoka lini.

"Odilia," akasema, "motoka iko muzuri. Haitikise, haipige kelele. Lakini siendi."

Nilimuuliza kama nyonga inauma. Akasema haiumi hata kidogo. Nikamwambia kwamba kule kwangu kuna utulivu, hakuna wa kumsumbua kila dakika na vyungu na ugomvi wa wakwe, nami nitamwangalia vizuri kwa kuwa yeye ni mgonjwa. Alinitazama kama alivyokuwa akinitazama utotoni nilipokuwa nasema uongo na sukari iko mdomoni.

"Miye nilivunjika mufupa, na mufupa unashikana. Ukitafuta mutu wa kuikala na weye, sema vile. Usiseme ni miye mugonjwa."

Nilitazama mbele. Kwa matairi ya zamani ningejifanya sikusikia. Ningesema ee, ningeongeza mwendo, na maneno yale yangepotea chini ya gari. Ndani ya gari lile la matairi mapya hapakuwa na mahali pa kuyaficha. Nikasema kweli, Yaya, siwezi tena kusonga bukari nikaila peke yangu. Nikalia, safari hii bila kuogopa kumvunja mtu. Alinipa kitambaa chake cha kichwa nijifute, akasema kwamba chumba cha wajukuu wasichana kina kitanda Jumamosi yoyote nitakayotaka. Hakuongeza kwamba atakuja siku moja. Yaya hana desturi ya kutoa ahadi za kupoza moyo.

Saa nane mchana niliondoka Kampemba. Walinipakilia samaki wakavu, lengalenga, na, Mungu anisamehe, nusu gunia la makala, kwa kuwa Pasikali alisema bei ya Likasi imepanda na hakukubali nirudi mikono mitupu. Nusu gunia halibadilishi upepo, nilimuuliza Papa Kalala kwa simu kwanza.

Kwa ninyi mnaosoma mkiwa nyumbani na mnataka gari lisilopiga kelele, nawapa nilichojifunza kwa machozi. Someni zile tarakimu nne. Jaribuni mpira kwa ukucha, pitisheni kiganja pande zote mbili, nunueni manne yanayofanana. Msiogope tairi jipya kwa sababu tu halikutembea Ulaya. Na fundi akiwauliza mnabeba nini, mwambieni ukweli, hata kama ukweli wenyewe ni aibu. Mimi nilitumia siku mbili na nyonga ya mtu kujifunza hilo.

Barabara ya kurudi ilikuwa ileile, na malori yaleyale. Nilisikia upepo kwenye kioo, nikasikia pete yangu ikigonga usukani, nikajisikia nikimeza mate. Ni kimya kizito, siwadanganyi. Mara mbili nilinyosha mkono kuwasha redio, mara ya tatu nikaiwasha, nikamkuta mtu anaongea upuuzi kuhusu mpira wa miguu, nikambishia mpaka nikasahau kuogopa.

Jua lilipoanza kushuka nilifika kwenye kizuizi cha ushuru wa barabara. Kijana wa dirishani aliinama akachungulia ndani, akatazama kiti cha mbele chenye mito miwili.

"Mama, muko bangapi?"

Tangu msiba nimeulizwa swali hilo mara nyingi, na kila mara nilitafuta la kuongezea: mzee yuko shambani, mzee amefariki juzijuzi, dada yangu anakuja wiki ijayo. Siku ile sikuongeza kitu.

"Niko peke yangu," nikamwambia, naye akainua mti, nikapita.