Wifi na Maneno ya Uwanjani

Wifi yangu, mke wa kaka yangu mkubwa, alikata nyasi za uwanja wa gofu miaka kumi na mmoja, na katika miaka yote hiyo hakuwahi kupiga mpira hata mmoja. Klabu nzima humwita Mama Nyasi. Kilichochoka kwanza ni goti la kushoto. Kushuka kwenye mashine kukawa adhabu. Kwa hiyo klabu ilipotafuta mtu wa kuwapokea wanaojifunza na kuwaeleza maneno ya mchezo, aliomba siku hiyohiyo. Akiikosa kazi ile, ni kurudi kwenye mashine mpaka goti ligome kabisa.

Mimi ndiye niliyemfundisha, kwa kijitabu cha klabu, na nilijuta, maana maneno yale aliyaleta mpaka sebuleni. Kaka yangu ni fundi cherehani.

"Suruali uliyoahidi kwa siku nne, ukiimaliza kwa nne ni par," wifi alimwambia. "Ukiimaliza kwa tatu ni birdie, nitakupigia makofi. Kwa tano ni bogey."

"Na kwa wiki mbili?" nikadakia.

"Hiyo haimo kitabuni, wifi yangu."

Kaka akajifanya kiziwi, akazidi kukanyaga cherehani. Sisi tulicheka mpaka mbavu zikauma.

Alhamisi ya usaili nilimsindikiza, nikakaa kwenye benchi nje ya ofisi. Mlango ulikuwa wazi. Katibu wa klabu, mzee mwenye viatu vinavyong'aa, akamwuliza fairway ni nini. Green je? Mwanamke ambaye hajawahi kukosa la kunijibu alikuwa anatazama viganja vyake tu. Niliumia, jamani.

"Mzee, naomba tutoke nje," akasema hatimaye. "Humu ndani sioni kitu."

Wakatoka, nami nikawafuata nyuma. Huko nje ulimi ukafunguka. "Hapa nazikata fupi, mpira upate njia, ndiyo fairway. Pembeni naziacha zifike kwenye kifundo cha mguu, aliyepiga ovyo ajute. Pale penye bendera na shimo nakata kila asubuhi, kama kichwa cha mtoto aliyenyolewa. Hiyo ndiyo green."

Mzee alikuwa akiitikia kwa kichwa. Walipofika kwenye bunker, lile bonde la mchanga linalonasa mipira, akakatiza katikati na viatu vyake, akaendelea na safari.

"Mzee! Nyayo zako hizo!" wifi akapaza sauti. "Reki iko hapo. Mpira wa mwenzako ukitua humo, atafanyaje?"

Kazi imeota mbawa, nikasema moyoni. Katibu akasimama, akageuka, akazitazama nyayo zake. Kisha akarudi, akachukua reki na kusawazisha mchanga taratibu, huku wifi, mikono kiunoni, akimwonyesha sehemu alizoziruka.

"Wageni wako wanafika Jumatatu saa mbili," mzee akasema, akimkabidhi reki. "Waambie hivyohivyo."

Sasa ikahitajika sketi ya kazi. Kaka akaahidi siku nne, nasi tukatazamana. Jumapili, siku ya tatu, aliiweka mezani ikiwa imepigwa pasi.

Wifi alimpigia makofi huku akilia.