Siku Niliyotangaza Jeni Kanisani Mbumbuni

Nawaambia haya kwa sababu huko Tawa mmeshaisikia vibaya, kwa hivyo afadhali mnicheke na ile ya ukweli.

Mimi nafanya kazi kwa shamba la utafiti wa mpunga, na nilikuwa nimejaribu mbegu zetu kwa kipande kidogo kando ya mto hapa kwetu Mbumbuni, zikazaa kuliko nilivyostahili (sisi watu wa ndengu na mbaazi, nani angetarajia?), basi Jumapili ya shukrani pasta akaniita mbele nieleze siri, na kwa vile wazazi wa mchumba wangu Mwende walikuwa wameketi safu ya pili, na wiki hiyo ndio tulikuwa tupeleke mbuzi wa mahari kwao, nikaamua Kikamba niweke kando, niongee Kiswahili cha msomi. Hapo ndipo nilijimaliza.

Nikashika maiki. "Ndugu zangu, siri ya mavuno yangu ni jeni!"

Na ile spika yetu mbovu, watu wakasikia jini.

Kanisa likanyamaza jii. Mimi nikadhani wameelewa! Nikaendelea kwa furaha: "Hii jeni inafanya kazi usiku, inapima giza ndio ijue mpunga utoe maua lini. Ikichelewesha maua kidogo, mpunga unanenepa, unabeba punje nyingi. Na ni ya kurithi, mzazi anapitishia mtoto."

Mzee mmoja nyuma akapiga kelele, "Ashindwe!" nikafikiri anasema ukame, nikamjibu, "Amina, Baba, ameshashindwa!"

Kisha nikaingiza mkono mfukoni, nikatoa kifuko cha mbegu. "Nimebeba kidogo hapa. Anayetaka kwenda nayo nyumbani ainue mkono!"

Wacha! Akina mama wa kwaya wakatorokea dirishani (na mlango ulikuwa wazi), mpiga kinanda akajificha chini ya kinanda chake, pasta akanishika kichwa akinisukuma, "Toka! Toka!" nami namuuliza, "Nitoke wapi, pasta, si ni wewe umeniita?" mpaka nikaangukia ngoma. Mama yake Mwende tayari amesimama: "Mwende, uka vaa! Njoo hapa sasa hivi! Hakuna mtoto wangu ataolewa na mtu anafuga majini!"

Mwende, machozi ya kicheko yakimtoka, akaninyang'anya maiki, akawaeleza kwa Kikamba kwamba ni mbegu tu, na kwamba jeni ni ile kitu inafanya mtoto azaliwe na pua ya babake. Mama yake akaangalia pua ya Mwende, akaangalia ya mzee wake, akakaa, mabega yakaanza kutingika, na kanisa lote likalipuka.

Mbuzi walipokelewa. Lakini wali wangu mama yake Mwende alikataa kuuonja mpaka pasta amalize sahani nzima, sisi wote tukimtazama koo.

Siku hizi nikiulizwa siri ya mpunga nasema mbegu nzuri na maji, kwa Kikamba, halafu nakaa chini. Na wewe ukiona watu wamenyamaza sana ukiongea, ndugu yangu, usidhani wamekuelewa.