Siku Niliyoinywesha Migomba Mtori wa Wifi

Jamani, hili nalisema kwa aibu, na nalisema mwenyewe kwa sababu Nkoaranga nzima wanalisimulia na kila mmoja anaongeza chumvi yake. Mimi ndiye yule mama aliyemwaga mtori wa wageni kwenye kipaimara cha binti yake. Ndiyo, mimi. Chekeni kwanza, mkimaliza niendelee.

Mama mkwe wangu, ambaye nyumbani wote tunamwita Bibi, nimekaa naye tangu niolewe. Wifi yangu Anaeli, binti yake wa pekee, anaishi Njiro, mjini, kwenye nyumba ya geti, na kwa miaka mitatu alikuwa hakanyagi kwangu, kwa sababu alitaka kumchukua mama yake akae karibu na madaktari wa presha, Bibi akakataa, akasema haiachi migomba yake wala mkwe wake, na wifi akaamini kwamba mimi ndiye niliyemjaza maneno. (Sikumjaza. Ila nilifurahi, siwezi kukataa, na pengine furaha ilionekana usoni.) Basi Gladness wangu alipofikia kipaimara, Bibi mwenyewe akampigia mwanawe simu, akamwambia, "Njoo umpikie mtoto wa kaka yako mtori. Nataka niwaone mmesimama jiko moja kabla sijafa."

Na nyumbani kwetu sufuria ya mtori hapewi mtu yeyote tu. Wali anaweza kupika jirani, kachumbari anaweza kukata mgeni, lakini zile ndizi na nyama za kuponda mpaka ziwe uji mzito hupewa mtu wa damu. Kwa hiyo nilijua kabisa nimepewa nini siku ile: nimepewa nafasi ya kupatana na wifi, na Bibi anatazama.

Wifi akafika asubuhi na mapema, gari ameliacha chini barabarani maana kile kilima chetu hakitaki magari madogo, amejifunga kanga na mkononi ana mfuko. "Wifi, habari za hapa?" "Nzuri wifi, karibu, pole na kilima." Tukakumbatiana kama mbuzi wawili wanaopimana pembe. Nikampa sufuria kubwa kuliko zote, na kabla ya kuinjika akafanya tunachofanya wote tunaopikia kuni: akaloweka sabuni ya unga, akaipaka nje ya sufuria ili masizi yasigande. Nikamwona anaipaka nyingi mno, mpaka ukingoni kabisa, mkono wa mtu aliyezoea gesi. Nikatamani kumwambia "wifi, punguza," lakini nikaogopa ataona namfundisha kazi, nikanyamaza. Laiti ningesema.

Tulirudi kutoka kanisani mchana, turubai limejaa, wazee wa kanisa wamekaa mbele na wameshaanza kupakuliwa, wifi ameingia chumbani kwa Bibi kubadilisha nguo, na mshereheshaji ananiita kwenye kipaza sauti niwakaribishe wageni mezani. Nikasema ngoja nionje kidogo, nisije nikakaribisha watu chakula nisichokijua. Nikaonja. Sabuni! Sabuni tupu, mdomo mzima, kama nimelamba kipande cha kufulia. Nikachota tena, sabuni. Niliona vijani vimekatwakatwa vinaelea, lakini sikuvijali, akili yote ilikuwa kwenye ule ukingo wa sufuria.

Mama Upendo, jirani yangu aliyeshika zamu ya kupakua, akaonja naye. "Mbona mimi naona mtamu?" Nikamwambia ana mafua. (Alikuwa nayo kweli, kidogo.) Nikamwita Gladness na gauni lake jeupe, nikamshikisha kijiko. Akakunja uso, akatema kwenye nyasi, akasema, "Mama, sabuni!" Nikamwambia Mama Upendo, unaona? Mtoto hajui kusema uongo siku ya kipaimara chake.

Sasa hapa naomba niseme ukweli ambao hata mume wangu sijamwambia. Ningeweza kwenda mlangoni kwa Bibi nikagonga, nikasema, "Wifi, njoo uonje." Sikwenda, kwa sababu kuna kitu ndani yangu kilikuwa kinacheza ngoma. Leo Njiro imeumbuka, nikasema moyoni. Nikachukua kipaza sauti, na sauti yangu ikatoka nzuri na ya huruma. "Wapendwa wageni wetu, naomba radhi, mtori msiuguse, umeingia sabuni. Waliopika walikuwa na haraka, na kuni wameshazisahau." Watu wakaguna. Kisha nikashika sikio moja la sufuria, Mama Upendo akashika la pili huku ananiambia, "Mama Gladness, ngoja kidogo," nami nikawa namvuta, tukafika kwenye migomba, tukamwaga wote.

Tuliporudi na sufuria tupu, mzee mmoja wa kanisa akainua bakuli lake. "Mama Gladness, hili ni la pili. Kama hii ndiyo sabuni, basi tuongezeni." Turubai lote likaangua kicheko. Na wifi akatokea mlangoni, kitenge kipya, kilemba kimesimama, anatabasamu kwa sababu anasikia watu wanacheka na hajui kwamba wanachekea chakula chake.

"Mtori uko wapi?"

"Wifi, pole sana, uliingia sabuni, nimeumwaga."

Wifi akapitisha kidole ndani ya sufuria, akaonja, akampelekea Bibi sufuria nzima pale alipokaa. Bibi naye akapitisha kidole, akaonja taratibu, akasema, "Sabuni siioni." Wifi akaenda kwenye ule mfuko wake, akatoa fungu la majani mabichi, mizizi bado ina udongo, akachuma jani akanishikisha mbele ya wageni wote.

"Tafuna."

"Ni nini hiki?"

"Giligilani. Nimeiweka mwishoni kwa sababu mama anaipenda. Akija kwangu kwa ajili ya kliniki hanywi supu bila hii. Tafuna."

Nikatafuna. Na jani ambalo halijawahi kuona sufuria wala moto likawa sabuni mdomoni mwangu. Hapo nikakumbuka miaka yote niliyokula kachumbari kwenye hoteli za mjini nikarudi nyumbani nawasema kwamba hawasuuzi sahani (kuna mhudumu mmoja pale stendi nilimgombeza mpaka akalia, Mungu anisamehe).

Wifi hakupiga kelele, na heri angepiga. Alisema tu, "Ungeniita. Nilikuwa hapo chumbani, nafunga kilemba cha sherehe yako."

Kisha Bibi akasema, "Anaeli, nifungie nguo zangu." Mume wangu akapiga magoti, mama tafadhali, wageni wapo. Bibi akamwambia, "Mimi sijagombana na mtu, baba. Lakini nimeona chakula cha mwanangu kikimwagwa mbele ya watu kwenye nyumba niliyoijenga na baba yenu. Siwezi kulala hapa leo." Akashuka kilima ameshikwa mkono na bintiye, na sisi tukabaki na wali.

Baadaye muuguzi mmoja tunayesali naye akanieleza kwamba ni maumbile. Kuna watu wamezaliwa hivyo, jani lile kwao ni sabuni, na kwa mwingine ni harufu nzuri ya chakula, na hakuna anayedanganya. Akasema mara nyingi mtoto anarithi. Basi shahidi wangu Gladness, niliyemwamini kuliko wote, ulimi wake ulikuwa wangu huohuo.

Mwezi uliopita nilikwenda Njiro na mkungu wa ndizi kuomba radhi. Walinipokea vizuri, wakanikalisha, wifi akaleta supu, juu yake imetanda giligilani kama nyasi. Bibi anakunywa, macho ameyafumba kwa utamu. Nikainua bakuli langu nikanywa yote, mpaka chini, sikutema.

"Tamu?" Bibi akauliza.

"Tamu, mama."

Wifi akacheka kidogo, mara ya kwanza tangu siku ile, akasema, "Mwongo wewe." Akaniongezea bakuli la pili, nalo nikanywa. Ndipo nikamwambia Bibi arudi nyumbani, tunamsubiri. Akanishika mkono. "Nilishakusamehe, mwanangu. Lakini siku ile nilitazama uso wako ulipokuwa unatangaza. Ulikuwa umefurahi."

Tangu hapo nimeapa: chakula kikinishinda nasema kimenishinda mimi, sisemi ni kibaya, na jina la mtu silipeleki tena kwenye kipaza sauti kabla sijamgongea mlango. Kiapo ni kizuri, nakitunza. Bibi bado yuko Njiro.