Kitufe cha "Nimekunywa"

Wateja wa duka la dawa lililotazamana na kituo cha afya walimwita Bi Dozi, na jina hilo alikuwa amelitolea jasho. Mteja alipokwisha kupokea pakiti yake dirishani, alitakiwa kurudia kwa sauti namna ya kuitumia. Akikosea, pakiti ilirudi ndani na somo likaanza upya, huku foleni ikinung'unika nyuma yake.

"Mwache mzee wa watu aende, Bi Dozi! Hapa siyo shuleni."

"Shuleni ukikosea unapata sifuri," alijibu bila kuinua macho. "Hapa ukikosea unapata jeneza. Haya, mzee, rudia."

Ukali huo wote ulikuwa wa dirishani. Nje ya dirisha Bi Dozi alikuwa mwanamke mpole kupita kiasi, mmoja wa wale wanaoomba radhi kwa mtu aliyewakanyaga. Alilelewa katika nyumba ambamo kitu chochote kilichofanywa na mkono wa mtu kilishukuriwa kwanza, na kasoro yake, ikiwa hapana budi kutajwa, ilitajwa mwishoni kwa sauti ndogo, kama mgeni anavyoomba chumvi mezani kwa watu.

Baba yake alikuwa na ugonjwa wa presha. Dawa zake alizichukua Bi Dozi mwenyewe kazini na kumpelekea, na kila jioni alimpigia simu.

"Baba, umekunywa?"

"Nimekunywa, mwanangu. Wewe pumzika."

Kisha mzee akafariki. Siku ndugu walipoinua godoro lake ili kulianika, walikuta vidonge vimelala chini yake katika karatasi zake, vingi vikiwa kama vilivyotoka kiwandani. Ndugu mmoja aliguna kwamba mzee alikuwa mwongo. Bi Dozi hakukubaliana naye hata kidogo. Mzee alikuwa amechoshwa na kizunguzungu ambacho dawa zilimletea, wala hakutaka kumtia bintiye wasiwasi. Na swali alilokuwa akiulizwa kila jioni lilikuwa na jibu moja tu la heshima.

Hapo ndipo lilipozaliwa wazo lake. Alitaka programu ya simu ambayo isingemuuliza mgonjwa swali hilo kamwe. Mgonjwa angepiga picha ya karatasi yake ya vidonge. Programu ingeilinganisha na picha ya jana. Na kama hapana kidonge kilichotoka, au kama picha haikuletwa, ingelia simu ya ndugu mmoja aliyechaguliwa tangu mwanzo. Alimweleza mumewe, fundi wa majokofu, ambaye wakati huo alikuwa amepiga magoti sebuleni akifungua mashine ya jokofu la mteja juu ya magazeti yaliyotandazwa.

"Na nani ataitengeneza hiyo programu?" aliuliza mumewe. "Wewe hata kubadilisha mlio wa simu unamwita mtoto."

"Kuna wakandarasi wa kazi hizo, baba watoto. Kampuni changa zote zinafanya hivyo. Huajiri watu, hununui mitambo. Unawapa wazo, wanakupa kitu kilichokamilika."

"Yaani unampa mtu mimba akubebee, halafu mtoto ukakabidhiwe mlangoni."

"Kuna ubaya gani?"

"Hakuna. Angalia tu asije akafanana na jirani."

Walicheka, na Bi Dozi akaacha kazi. Aliandikisha kampuni yake, akapanga meza moja katika chumba kilichokuwa juu ya saluni, na akawapata wakandarasi wake katika mji mwingine. Msimamizi wao alikuwa kijana mwenye sauti ya kuliwaza, aliyemwita "dada yangu" tangu mazungumzo ya kwanza. Mkataba wake ulikuwa mfupi na wa wazi: kazi itagawanywa katika hatua, na kila hatua itahesabiwa kuwa imepokelewa pindi mteja atakapoandika kwamba ameridhika nayo. Bi Dozi aliusoma wote, akaona ni maneno ya haki, akatia sahihi.

Kisha alikwenda kwa mganga mkuu wa kituo cha afya, daktari mwanamke asiyekuwa na muda wa salamu ndefu.

"Nitakupa wagonjwa wa kliniki ya presha," alisema daktari. "Mara moja tu. Kila mwezi ananijia mtu na programu yake, na kila mmoja anaapa kwamba yake itaokoa dunia. Yako ikishindikana, usirudi hapa, na wala usitumie jina la kituo hiki kubisha hodi kwingine. Umenielewa?"

Alimwelewa. Hapakuwa na kituo kingine cha kujaribia, na mlango huo ukifungwa ungekuwa umefungwa na kufuli.

Hatua ya kwanza ilipomalizika, wakandarasi walimwonyesha kazi kwa video. Ilikuwa nzuri ya kupendeza macho: rangi ya majani mabichi, maandishi makubwa, kengele laini. Na katikati ya skrini, mahali ambapo yeye alikusudia picha ya vidonge, palikaa kitufe kikubwa cha duara kilichoandikwa "Nimekunywa".

Bi Dozi alikitazama kitufe kile. Kilikuwa ni swali lilelile alilomuuliza baba yake, ila sasa lilikuwa na rangi. Akawaandikia. Aliwajulia hali, akaulizia familia zao na uchovu wa kazi, akawapongeza kwa ustadi na haraka yao, akasema kwamba ameridhika na anajivunia kufanya kazi pamoja nao. Mwishoni kabisa, baada ya kuwaombea heri, aliongeza: "Labda tu, mkipata nafasi, mngeangalia kidogo pale kwenye kitufe, kama ingewezekana kuwe na picha kama tulivyozungumza. Lakini si neno, nyinyi ndio wataalamu."

Mumewe aliyasoma maandishi hayo akiwa nyuma ya kiti chake.

"Sasa hapa umelalamika wapi?"

"Si hapo mwisho?"

"Hapo mwisho umewaomba msamaha! Mimi mteja akiona jokofu halipozi, ananitukana mimi na ukoo wangu mzima. Basi narudi, nalifungua tena, na linapoza. Angeniandikia hivi, mwenzangu, ningelala usingizi mnono."

"Watu wamefanya kazi. Siwezi kuwavunja moyo."

"Haya. Watakuvunja wao."

Ingekuwa rahisi kusema kwamba msimamizi hakumwelewa, na watu wengi waliosimuliwa habari hii wamesema hivyo kwa nia njema. Lakini msimamizi alikuwa mtu wa lugha hii hii, aliyelelewa kwa adabu hii hii. Alijua vyema uzito wa neno "labda" katika kinywa cha mwanamke wa makamo. Bila shaka mama yake mzazi alilitumia kila alipomtaka aache jambo mara moja. Alielewa, na akaona kwamba kutoelewa kulikuwa na nafuu zaidi. Kazi ya picha ilikuwa ngumu na ndefu. Kitufe kilikuwa cha nusu siku. Aliyachukua maneno ya shukrani, akayaweka katika jalada la mkataba kama ushahidi wa kupokelewa kwa hatua, na yale ya mwisho akayaacha yapite kama mvuke.

Katika mazungumzo yaliyofuata Bi Dozi alipiga moyo konde akalitaja jambo lenyewe kwa mdomo wake.

"Kaka yangu, kile kitufe. Mgonjwa si atabonyeza tu?"

"Dada yangu, wewe usiwe na wasiwasi kabisa. Hilo la picha tumeliweka katika toleo la pili. Toleo la kwanza huwa jepesi, watu walizoee. Halafu kusema kweli, katika wateja wetu wote hakuna anayetupa moyo kama wewe. Vijana hapa wanakupenda mno."

Alimpaka mafuta kwa mgongo wa chupa, naye aliyasikia yakiteleza. Hata hivyo alijibu, "Haya, kaka yangu. Asanteni sana," na hatua ya pili ikapokelewa, na ya tatu vivyo hivyo.

Tarehe ya kituo cha afya ikawadia. Daktari alimuuliza kwa maneno matatu, "Iko tayari kweli?" Bi Dozi aliwaza toleo la pili lililoahidiwa, akawaza kazi aliyoiacha na mlango ambao usingefunguliwa tena, akajibu, "Iko tayari, daktari."

Wagonjwa waliitwa uani mwa kliniki, wakaketi kwenye mabenchi na simu zao mkononi. Seremala mmoja mstaafu, mzee mwenye vidole vinene vilivyojaa makovu ya patasi, aliigeuza simu yake huku na huku.

"Binti yangu, hii italia kila siku?"

"Kila siku, mzee wangu, mpaka unywe dawa."

"Basi ni mke wa pili huyu. Na wa kwanza kelele zake zinanitosha."

Mkewe, aliyeketi pembeni, alimpiga kofi la bega. "Bora yeye utamsikia. Mimi umenizoea."

Benchi lote likaangua kicheko. Yalikuwa ndiyo mafanikio ya mwisho ya kampuni ile.

Ripoti za wiki za mwanzo zilikuwa za kijani tupu. Kila mgonjwa alikuwa amebonyeza, kila siku, karibu kwa wakati wake. Daktari, ambaye hakujulikana kwa tabasamu, alitabasamu.

"Sijapata kuona wagonjwa watiifu hivi. Hongera."

Bi Dozi alizikumbuka "nimekunywa" za baba yake. Alirudi katika chumba cha juu ya saluni, na kwa mara ya kwanza aliandika bila kuulizia familia ya mtu: anaomba sana, kitufe kiondolewe, picha iwekwe, na simu ya ndugu ilie. Majibu yalikuja upesi, na safari hii yeye hakuwa tena "dada yangu". Mteja mpendwa alikumbushwa kwamba hatua zote zilikuwa zimepokelewa kwa maandishi yake mwenyewe, na maandishi hayo yaliambatanishwa. Kwamba mabadiliko anayoyataka ni kazi mpya, yenye mkataba mpya na malipo mapya. Na kwamba wanamtakia kila la heri. Programu ilikaa katika mitambo yao, na hapakuwa na mtu mwingine aliyeyajua matumbo yake. Akiba yake ilikuwa imekwisha kwenda na maji. Angeweza kwenda siku hiyo hiyo kwa daktari na kumwambia ukweli. Alipanga kwenda. Alipanga pia, kila alipofika kwenye ngazi za saluni, namna ya kuyaanza maneno yake vizuri, na maneno mazuri hayakupatikana.

Alikuwa bado akiyatafuta alipopata habari kwamba seremala ameanguka karakanani kwake. Hakufa. Lakini mkono wa kulia uliacha kumtii, na ulimi ukawa mzito. Katika ripoti, rangi yake ilikuwa ya kijani hadi asubuhi ya siku aliyoanguka.

Daktari hakumpa kiti.

"Uliniambia iko tayari."

"Ndiyo, daktari."

"Ilikuwa tayari?"

Daktari aliifunga ripoti ya kijani.

"Pita nyumba kwa nyumba," alisema daktari, "uifute katika kila simu. Kwa mkono wako. Ukimaliza, tumemalizana."

Alipita. Wengi walimpokea kwa bashasha, wakamsifia kengele laini. Wawili watatu walikiri, wakicheka, kwamba walikuwa wakibonyeza ili inyamaze, au kwa sababu jina la Bi Dozi lilitokea kwenye skrini kengele ilipolia, nao hawakupenda kumuudhi. Nyumba ya seremala aliiacha ya mwisho.

Mzee alikuwa ameketi kwenye kiti alichokichonga mwenyewe, mkono wake ukiwa umelazwa juu ya mto kama kitu cha mtu mwingine. Mkewe alimkaribisha Bi Dozi kwa mikono miwili, akafuta stuli ambayo haikuwa na vumbi, akamletea kikombe cha chai na kukiweka mbele yake.

"Kunywa, mwanangu, umetembea. Wala usijisumbue moyo. Ile simu yako ilitusaidia sana. Ni mipango ya Mungu tu."

Bi Dozi aliyasikia maneno yale, akayatambua moja baada ya jingine, kwani yalikuwa yake. Ndivyo na yeye alivyokuwa akiwaandikia wakandarasi.

"Haikusaidia, mama," alisema. "Ilikuwa mbovu. Niliiona kuwa ni mbovu tangu siku ya kwanza walipokionyesha kile kitufe."

Mama yule alikiweka chini kitambaa cha kufutia.

"Uliona?"

"Niliona."

"Basi kwa nini ulituletea?"

"Niliona haya kuwaambia walioitengeneza kwamba hawakufanya nilichotaka. Halafu nikaona haya kumwambia daktari. Halafu nikaona haya kuwaambia nyinyi."

Mzee aligeuza shingo kwa taabu na kumtazama. Mkewe naye alimtazama, kwa muda mrefu, kama anayemtafuta mtu katika uso asioufahamu. Kisha aliinama, akakiondoa kile kikombe cha chai kikiwa kimejaa, akaingia nacho ndani, na hakutoka tena.

Bi Dozi alifuta programu katika simu ya mzee, akairudisha kwenye mkono wa kushoto, akaondoka bila kuagwa.