Gogo la Mama Mkwe

Khalayi aliliona bomba la kupulizia dawa kabla ya kumwona mwenye bomba. Lilikuwa limesimamishwa juu ya jiwe mpakani mwa mashamba yao, na ndoo ya maji kando yake. Akaacha jembe palepale na kuvuka mfereji mbio.

"Shemeji! Shemeji Elkanah, ngoja kwanza!"

Elkanah, mdogo wa marehemu mume wake, alikuwa ameinama akifungua chupa ya dawa. Viwavi walikuwa wameyaingia mahindi yake tangu juma lililopita, na majani yalikuwa matundu matupu.

"Nikingoja nitavuna nini, Mama Shantel? Mabua?"

"Sisemi usipige dawa. Piga jioni. Saa hii nyuki wangu wote wako juu ya mahindi yako."

Elkanah akainua macho. Kweli, kwenye mbelewele za mahindi walijaa wadudu weusi, wadogo kama punje za mchele, wakikusanya unga wa njano. Asiyewajua angedhani ni inzi. Nyuki hao hawaumi, wala hawatengenezi masega. Asali yao huiweka katika vijungu vya nta na utomvu, kila kijungu kama punje ya njugu. Ni asali nyepesi yenye uchachu, na mzinga mmoja ukitoa lita moja kwa mwaka, mwenyewe hushukuru Mungu. Watu walitoka mbali kama Mumias kuja Shinyalu kuitafuta kwa ajili ya vifua na vidonda.

Khalayi alipoolewa hapa kutoka Bungoma, alimkuta mama mkwe wake na gogo moja tu chini ya upenu. Mama huyo alilipata katika mti ulioangushwa na upepo ukingoni mwa msitu, nyuki wakiwa bado ndani. Kabla ya kufariki alimfundisha mkazamwana wake kuwagawa, naye Khalayi, kidogo kidogo, akajaza masanduku kumi ya mbao. Lakini yote yalitoka katika gogo lile. Ndiyo maana alikuwa amevuka mfereji mbio. Mwaka juzi jirani wa ng'ambo ya kijito alipoteza mizinga yote kwa asubuhi moja ya dawa. Khalayi alikwenda kumpa pole, akakuta nyuki wamemwagika chini kama ufuta.

"Wanarudianga saa ngapi?" Elkanah aliuliza.

"Jua likizama, wote wako ndani."

"Basi nitapiga saa kumi na mbili. Lakini usiniombe tena kungoja. Watoto wangu hawali asali."

Jioni ile Khalayi aliziba milango ya masanduku kwa vipande vya neti kuukuu, ili nyuki wasitoke alfajiri dawa ikiwa bado mbichi. Neti ikaisha kwenye sanduku la kumi. Gogo lilikuwa na ufa mrefu ubavuni, na nyuki walikuwa wameugeuza mlango wa pili. Kwa haraka akaziba vyote kwa udongo, ufa na mlango, huku akilisikia bomba likifyonza na kutema ng'ambo ya mfereji.

Kesho yake jua liliwaka mapema. Akatandaza magunia yenye maji juu ya mizinga, yakakauka, akayalowesha tena. Kila mara aliweka sikio kwenye gogo. Asubuhi lilivuma kama maji yanayoanza kuchemka. Kufikia saa tano mvumo ulikuwa umepungua. Akabadilisha sikio, labda lile lilikuwa limechoka. Mvumo ulikuwa uleule, mwembamba.

Akiuvunja udongo, watakimbilia sumu. Akiuacha, watakosa hewa. Alizunguka gogo mara tatu mikono ikiwa kichwani.

"Usifungue," sauti ya Elkanah ilisema nyuma yake. Alikuwa amekuja bila kuitwa. "Dawa bado inanuka."

"Wanakufa ndani, shemeji! Sikiliza mwenyewe."

Elkanah akainama, akatega sikio. Alipoinuka, uso wake ulikuwa umebadilika.

"Huna neti nyingine?"

Khalayi alimtazama, kisha akaingia nyumbani mbio. Alirudi na neti ya kitandani kwake.

"Shika huku," alisema. "Nikibandua udongo, zungusha haraka."

Walilizungushia gogo lote neti hiyo, kama mtoto anayefungwa nepi. Hata hivyo, nyuki wachache walichomoka, wakaelekea moja kwa moja kwenye mahindi. Khalayi hakuwa na la kuwafanyia. Waliobaki walijazana kwenye neti wakipepea, na polepole gogo likaanza kuvuma tena kwa nguvu.

Aliwafungulia wote siku iliyofuata, moyo mkononi. Kwa siku nne alifagia maiti ndogo chini ya upenu. Masanduku matatu yalinyamaza kabisa. Gogo lilipona, ingawa waliotoka na kuingia walikuwa wachache. Mahindi ya Elkanah yalipona pia. Jioni moja alileta mbao mpya na kuziweka chini ya upenu bila kusema za nini.

Ijumaa Zeituni, mteja wake wa asali, alifika kutoka Mumias na chupa yake, kama kawaida. Mama yake alikuwa anakohoa tena.

"Sina ya kukuuzia, dadangu," Khalayi alisema.

"Lakini naona mizinga ina nyuki."

"Nyuki wapo. Na asali ipo. Ila shemeji alipiga dawa, na sijui kilichoingia kwenye vile vijungu. Siwezi kumpa mgonjwa kitu nisichokijua."

Zeituni aliizungusha chupa tupu mkononi. "Nirudi lini?"

"Acha wale hiyo wenyewe, watengeneze nyingine. Jaribu mwezi wa kumi na mbili."

"Na hawa waliobaki, wamepona kabisa?"

Khalayi alimtazama nyuki mmoja akitua mlangoni, miguu ikiwa ya njano.

"Wanatoka na wanarudi," alisema. "Zaidi ya hapo, bado sijui."