Nyangumi wa Upande wa Kushoto

Mume wangu alikuwa na macho ambayo wafanyabiashara wenzetu wa Guangzhou waliyaazima. Mtu akinunua kitambaa Guangyuan Xilu, kwenye maduka yale ya jumla ambayo taa zake zinadanganya rangi, alimwita. Naye alikibeba kitambaa mpaka mlangoni, akakitazama juani, kisha akamwambia mwenye duka, "Laoban, nyeusi hii si nyeusi ya jana." Mwenye duka aliapa, "Yiyang, yiyang!" kwamba ni ileile, na bado alishindwa.

Kisha presha ya macho ikaanza kumla pembeni. Daktari alipotuambia ugonjwa huo haurudi nyuma, mume wangu alikuwa amebakiwa na sehemu ndogo ya katikati, kama anachungulia kwenye tundu la ufunguo. Akasema anataka kitu kimoja tu: kumwona nyangumi. Miaka yote, tukirudi hotelini mtaa wa Xiaobei miguu imevimba, yeye alikuwa akitazama vipindi vya wanyama wa baharini. Sikubisha. Tuliacha mzigo wa msimu mzima, tukapanda meli ya watalii inayozunguka bahari za kaskazini na walimu wa viumbe vya huko.

Nakiri nilifurahi. Asubuhi mwalimu alitufundisha kuwatambua ndege kwa namna wanavyopiga mabawa; mchana tulisimama sitahani ndani ya makoti mazito kama magodoro, tukiwatazama sili, wale wanyama wanene wa baharini, waliojilaza juu ya barafu, wavivu kuliko mimi Jumapili. Kazi yangu ilikuwa moja. "Nigeuze," alikuwa akisema, nami namshika mabega namzungusha mpaka kitu kiingie kwenye lile tundu lake. Mlima wa barafu ulipomeguka ukaonyesha ndani yake, alishika chuma cha ukingo wa meli, akainama mbele.

"Mama watoto," akasema, "bluu hii hawajaweza kuitia kwenye kitambaa."

Siku moja kabla ya kurudi, simu yangu ilishika mtandao. Kiwanda kinachotushonea nguo kilitaka jibu kuhusu zipu. Zipu! Nikamwambia, "Baba, dakika mbili," nikashuka chumbani kubishana. Nikiwa huko nikasikia meli nzima inapiga kelele.

Nilipofika juu, watu walikuwa wamejazana upande wa kushoto, maji bado yanazunguka mahali nyangumi alipozamia. Mume wangu alikuwa palepale nilipomwacha, upande wa kulia, ameshika chuma kwa mikono miwili, anatazama maji matupu. Mwalimu aliniambia nyangumi aliibuka mara tatu, na kwamba mzee wangu aliita na kuita kwa lugha yetu, hakuna aliyemwelewa.

"Ulimwona?" mume wangu akaniuliza.

"Sikumwona."

"Basi tuko sawa," akasema. Hakunigombeza. Afadhali angenigombeza.

Hatukuona mwingine. Tulikuwa tumesharudi Guangzhou lile tundu lilipoziba, na sasa haoni hata mkono wake.

Bado naenda naye sokoni, maana siwezi kumwacha hotelini peke yake. Namsimamisha mlangoni, palepale alipokuwa akitazama rangi, naingia ndani. Nyeusi zote sasa kwangu ni moja, na maduka yameshajua. Jana nilikawia sana. Nilipotoka nikaona nilikuwa nimemwacha ameelekea ukutani, pua inakaribia kugusa vigae, wapagazi wanapita nyuma yake na marobota. Nikaona aibu, nikaona uchungu.

"Baba, si ungeniita?"

"Nilishaacha kuita, mama watoto," akasema, akaninyooshea mkono nimwongoze.