Jeraha la Mama Mkwe

Kwetu sisi Waha, mwanamume hamtazami mama mkwe wake usoni, na akiwa na neno la kumwambia humtuma mke wake. Nililelewa hivyo. Wenyewe husema heshima si utumwa, na sitadanganya, heshima hiyo ilinifaa. Inampunguzia mtu kazi nyingi.

Miaka ya tisini mwanzoni mke wangu alijifungua mtoto wetu wa kwanza, na mama yake akatoka Mabamba kuja kwetu Busunzu kumhudumia mzazi. Wiki hiyohiyo nguruwe wangu alikuwa amezaa. Nguruwe mwenye watoto hana rafiki; mimi nilijua, mke wangu alijua, mgeni hakujua. Ilinipasa nimtume mke wangu amwonye mama yake, lakini nilimkuta amelala na mtoto, nikaenda zangu kupalilia maharage.

Nikasikia kelele. Nilipofika bandani, mama mkwe alikuwa ameshatoka, ndoo ya pumba imemwagika na kanga yake ina damu juu ya goti. Nikageuza uso haraka, nikaukodolea macho mgomba kana kwamba ndio ulioumwa, huku nikimwita mke wangu.

"Mama anasema ni mkwaruzo tu," mke wangu aliniambia baadaye. "Ameosha, amefunga kitambaa."

Nguruwe huyohuyo aliwahi kuning'ata kidole. Kilivimba kikawa kama ndizi, nikachomwa sindano mpaka kukaa kukawa kazi. Kwa hiyo nilijua kabisa kwamba tundu la jino huziba juu, huku chini kunatunga usaha. Kila asubuhi nilimuuliza mke wangu hali ya mama, kila asubuhi jibu likawa lilelile, nami nikaridhika. Paja la mama mkwe si jambo la kuulizia mara mbili.

Kisha nikapita nyuma ya jiko mama mkwe alipokuwa akimwogesha mtoto, nikapigwa na harufu. Nikamwomba mke wangu akamfungue kitambaa. Alirudi analia. Mguu ulikuwa umevimba mpaka kinenani, na mama anatetemeka kwa homa.

Hapakuwa na mtu mwingine wa kumbeba. Nilimwinua kwa mikono yangu, nikamkalisha nyuma ya baiskeli, nikaisukuma mpaka hospitali ya Kibondo. Njia nzima alijifunika kanga usoni. Niliona haya kama mwizi aliyeshikwa na kuku.

Alipona, namshukuru Mungu, ingawa goti halikukunjika tena. Ninachoshindwa kukimeza ni dakika chache za pale hospitalini. Muuguzi alifungua kile kitambaa, akauliza kwa ukali, "Nani anaishi na huyu mama? Mmekaa mnatazama nyama inaoza?"

Nilifungua mdomo. Kabla sijasema, sauti ikatoka chini ya kanga, nyembamba, ya mtu mwenye homa.

"Mkwe wangu hana kosa. Hakujua. Mimi ndiye niliyemficha."

Muuguzi akanigeukia kuhakikisha.

"Ni kweli hukujua, baba?"

"Ni kweli," nikasema.